SUFURIA KUBWA JUU YA JIKO DOGO
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

Tunawakumbuka wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki, ambao hisa zao za kwanza ndizo zilizofungua kisanduku chetu. Mungu awapumzishe kwa amani.

Katibu ameshasoma taarifa ya hisa na mikopo, na mweka hazina ameeleza habari ya mfuko mpaka senti ya mwisho. Hatutarudia. Sisi tumepewa nafasi tuseme juu ya kazi ya mikono ya kikundi, na kamati imependelea tuseme habari ya sufuria. Najua wengine mnacheka, eti miaka kumi yote mwenyekiti anasimama kuhutubia sufuria. Chekeni tu, lakini tusikilizeni, maana sufuria hiyo nusura ivunje kikundi hiki.

Kama mnavyojua, tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa kina mama 15. Tulinunua hisa kila Alhamisi, tukakopeshana, na mwisho wa mwaka tukagawana. Baadaye tukaona kugawana peke yake hakutoshi, tukaanzisha mradi wa kupika mbege kwa ajili ya harusi, kipaimara na shughuli nyingine. Wapo kati yetu wasiokunywa, na hao ndio wanaosimamia chai na makande kwenye shughuli hizo hizo. Kazi ni moja, sufuria ni zile zile.

Wageni wetu waliotoka mbali pengine hawajui mbege inavyopikwa, kwa hiyo tuwaeleze kidogo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, kwetu ni saa nne au tano, mpaka zigeuke rangi ziwe nyekundu. Zinaachwa zipoe na kuchachuka kwa siku kadhaa, kisha zinachujwa. Upande mwingine kuna kimea cha ulezi, kinasagwa na kupikwa uji, na gome la msesewe linatia ule uchungu wake. Uji ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake watu wanakunywa.

Sasa mbege ina shida moja. Haikai. Ukiichelewesha siku mbili imekuwa kali, na ya siku tatu hata mkwe hapewi. Kwa hiyo huwezi kupika wiki nzima ukaweka akiba kama mtu wa soda. Tena ndizi zilizopikwa leo na zilizopikwa keshokutwa hazichachuki sawasawa, na mteja anaonja tofauti kati ya pipa na pipa. Mwezi wa Desemba, Wachagga wote wanapopanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, oda zinakuja kwa mpigo mmoja. Sufuria yetu ya zamani ilikuwa tunaiwekea lita 30. Tulikuwa tunawasha moto saa kumi alfajiri na kuzima usiku, mizunguko miwili, na bado tunakataa oda. Hapo ndipo tulipoona lazima tupate sufuria kubwa.

Kutoka kwenye mafiga kwenda kwenye gesi

Zamani hili lisingekuwa jambo la kikao. Mama zetu walipikia mafiga matatu. Ukipata chungu kikubwa, unasogeza mawe nje kidogo, unaongeza kuni, umemaliza. Mafiga yanakubali chungu chochote.

Lakini kuni zimekuwa shida. Tangu mwaka 2005 msitu wetu wa mlimani umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na hata kabla ya hapo kuni kavu zilikuwa za kutafutwa kwa kubahatisha. Kukata miti ya kihambani ni kukata kivuli cha kahawa na migomba. Na moshi, jamani, kina mama mnaujua. Macho mekundu, kifua kinabana, unakwenda kanisani nguo inanuka kama umetoka tanuruni. Ndiyo maana tulinunua jiko la gesi la chuma, lile la kichwa kimoja la kuweka chini, na mtungi wa kilo 15. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sisi tulifurahi kuona tuko njiani tayari. Ila mara nyingi mafundisho ya gesi ni ya sufuria ya nyumbani, ya baba, mama na watoto. Mama anayepikia watu 200 ana sufuria nyingine, na ana maswali mengine.

Jiko la gesi si kama mafiga. Miguu yake haisogezwi, na moto wake hauongezewi kuni. Lilivyotengenezwa ndivyo lilivyo.

Mabishano ya kikao

Mwaka 2023 tulileta hoja ya kununua sufuria kubwa. Wanachama wakagawanyika mara tatu. Wa kwanza walisema tununue sufuria tu, tuiweke juu ya jiko lile lile, itakaa. Wa pili walisema tununue na jiko jipya kubwa, ambalo bei yake ingekula fedha zote tulizokuwa tumepanga kukopeshana kwa ajili ya ada za shule za mwezi wa Januari. Wa tatu walisema tuachane na gesi kabisa, turudi kwenye mafiga.

Maneno yalikuwa makali, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo mwenzetu mmoja alikuwa ameungua. Haikuwa kazi ya kikundi. Alikwenda kusaidia kupika kwenye shughuli ya watu mahali pengine, na huko sufuria kubwa ilikuwa imetwikwa juu ya jiko dogo la gesi, jiko limewekwa kwenye udongo laini. Maji yalipofikia kuchemka, mguu mmoja wa jiko ulizama. Sufuria iliinama na maji yakammwagikia kuanzia goti hadi unyayo. Alikaa miezi mitatu bila kushika jembe, na mfuko wetu wa jamii ndio uliobeba gharama za dawa. Kwa hiyo mtu aliposema "itakaa tu", wapo waliosimama na kutaka kutoka nje ya kikao.

Tuliahirisha kura. Tukasema kwanza tupime, ndipo tuseme.

Tulichopima

Tuliazima sufuria kubwa kwa jirani, tukachukua futi kamba na ile mizani ya kupimia kahawa.

Sufuria ya zamani ina upana wa sentimita 40 mdomoni na kimo cha sentimita 32. Ile kubwa ina upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 40. Ukitazama kwa macho utasema imezidi kidogo tu, kiganja kimoja huku na kiganja kimoja kule. Lakini ya kwanza ikijaa pomoni ni lita 40, na ya pili ni lita 78. Karibu mara mbili! Macho yanadanganya, kina mama. Sufuria ikiongezeka upana na kimo kwa pamoja, tumbo lake linaongezeka kuliko unavyofikiri.

Tukaja kwenye uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tukiweka lita 60, na sufuria tupu ambayo tuliipima ikawa kilo 8, inakuwa kilo 68. Hiyo ni sawa na kumkalisha mtu mzima juu ya jiko, tena mtu anayechemka. Na jiko letu lina kiti cha sentimita 30 tu. Maana yake sufuria inaning'inia sentimita 10 kila upande, na mama anayekoroga kwa mwiko mrefu anaisukuma huku na huku.

Tukaja kwenye moto. Kwa jiko letu, lita 30 zilikuwa zinachukua kama saa moja kuchemka. Lita 60 kwa moto ule ule ni kama saa mbili, hakuna muujiza. Kijana mmoja alitushauri tutoboe lile tundu dogo gesi inapopitia ili moto uwe mkubwa. Tulikataa, na tunawaomba na ninyi mkatae. Tundu lile limepimwa na waliotengeneza jiko. Ukilipanua, gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayoingia, moto unageuka wa njano, sufuria inapakwa masizi na unatoka moshi wa sumu usio na harufu. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiona njano, kuna kitu hakiko sawa.

Mwisho tukaja kwenye hewa na joto linalorudi chini. Sufuria pana ni kama paa juu ya jiko. Ikikaa chini mno inauziba moto usipumue, na joto linarudi chini kwenye mpira na kwenye koki. Mpira wa gesi ukipikwa hivyo kila siku unakauka, unapasuka. Hatari hii haionekani siku ya kwanza, inakuja baada ya miezi.

Mafiga ya chuma

Ndipo mwanachama wetu mmoja mzee, ambaye leo amekaa pale mbele, akasema neno moja. Alisema, "Mbona mnataka jiko libebe? Kwenye mafiga, moto haubebi chungu. Mawe ndiyo yanabeba, moto kazi yake kuwaka."

Kikao kizima kikanyamaza. Kumbe kweli. Tulikuwa tunabishana jiko litabeba au halitabeba, wakati hakuna aliyelilazimisha libebe.

Tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea, tukamweleza. Akatutengenezea stendi ya miguu minne kwa vyuma vya pembe, juu akapitisha nondo nene za kukalia sufuria. Miguu ameitanua kwa chini na kuifunga kwa vyuma vya kukaza, na chini ya kila mguu amechomelea bamba pana ili usizame. Juu, pembeni, ameweka vizuizi vinne vifupi ili sufuria isiteleze wakati wa kukoroga. Tulimwambia asitumie bomba wala chuma kilichopakwa zinki karibu na moto, kwani zinki ikiungua inatoa moshi mbaya kwa kifua. Alitumia chuma cheusi kisicho na rangi.

Jiko lenyewe linakaa chini ya stendi, halibebi hata kijiko. Na kwa kuwa halibebi, tunaweza kulipandisha na kulishusha tunavyotaka kwa kuweka vigae vya saruji chini yake. Tulijaribu kigae kimoja kimoja mpaka ncha ya moto wa buluu ikawa inagusa tako la sufuria bila kulalia na kupanda pembeni. Kwetu ilikuwa vidole vinne kutoka kichwa cha jiko hadi sufuria. Kwenu inaweza kuwa vingine, tazameni moto wenyewe. Mdomo wa sufuria umefika chini kidogo ya kiuno, ili mpishi aone ndani bila kupanda kigoda.

Kabla ya kuwasha, tuliweka stendi juu ya sakafu ya saruji, tukaipima kwa pima maji, tukajaza sufuria maji baridi lita 60 na kuiacha usiku kucha. Asubuhi tukaisukuma kwa mikono, tukaigonga kwa mwiko. Haikutikisika. Tukaiwasha, tukachemsha maji matupu. Ndizi ziliingia siku ya tatu.

Gharama ya stendi haikufika robo ya bei ya jiko jipya. Kura ikapigwa, wote wakaunga mkono, na fedha za ada za Januari hazikuguswa.

Gesi imekwenda wapi

Wapo waliosema sufuria kubwa itatumaliza kwa gesi. Tulipima mtungi kwenye mizani kabla na baada ya kupika. Mizunguko miwili ya sufuria ndogo ilikuwa inakula karibu kilo 3. Mzunguko mmoja wa sufuria kubwa, kiasi kile kile cha mbege, unakula kama kilo 2 na nusu. Sababu yake ni kwamba kuchemsha kunagharimu sawa, ila zile saa nne za kutokota tunazilipia mara moja badala ya mara mbili. Tena tunafunika kwa sinia kubwa, na upande wa upepo tunasimamisha bati. Bati hilo ni la upande mmoja tu, halizunguki, na mtungi hauwekwi ndani yake hata siku moja.

Jambo jingine ni mtungi. Ule mdogo wa kilo 6 hautoshi kazi hii. Ukiwaka moto mkubwa kwa saa nyingi, mtungi mdogo unapoa mpaka unatoa jasho la barafu, na moto unafifia wakati gesi bado imo. Watu wengine hapo wanaumwagia maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko. Hiyo ni kuita msiba. Tumieni mtungi mkubwa, mambo yanakwisha.

Na kwa kuwa moto wa jiko dogo unapiga katikati, sufuria pana inaunguza katikati na pembeni bado baridi. Maji yanatangulia, ndizi zinafuata, na zikianza kuwa nzito anasimama mtu wa mwiko, haondoki. Uji wa ulezi ndio usiseme, ukigeuka kuzungumza na shoga umeshashika chini. Na tukimaliza hatuachi kitu kilale ndani ya sufuria ya aluminiamu. Mbege ina ukali, inakula aluminiamu. Kuchachuka ni kwenye mapipa.

Masharti tuliyojiwekea

Masharti haya yamebandikwa kwenye banda, na anayeyavunja analipa faini kama aliyechelewa kikao:

1. Tunapikia nje, chini ya paa lisilo na kuta. Hatupikii shimoni wala bondeni, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini kama maji.
2. Mtungi unasimama wima, umbali wa hatua mbili kubwa kutoka jikoni, na mpira haupiti chini ya sufuria.
3. Kila asubuhi viungio vinapakwa maji ya sabuni. Povu likitoka, hakuna kuwasha.
4. Sufuria haipiti lita 60. Nafasi inayobaki ni ya povu.
5. Sufuria yenye moto haiinuliwi na mtu yeyote, hata kama ni wanaume wanne wamejitolea. Tunazima, tunaacha ipoe, tunachota kwa jagi.
6. Hakuna ndala, hakuna khanga inayoning'inia, na mtoto hasogei ndani ya kamba.
7. Stendi inakaguliwa kabla ya kila upishi.

Kazi ya kukagua stendi tulimpa yule mwenzetu aliyeungua. Hatukumpa kwa kumhurumia. Tulimpa kwa sababu yeye hadanganywi na neno "itakaa tu". Anazunguka, anashika kila mguu, anatazama kila mahali palipochomelewa. Mpaka aseme ndiyo, kiberiti hakitolewi. Mwaka jana Desemba alikataa siku moja, mguu mmoja ulikuwa umeanza ufa. Tulichelewa oda ya mtu kwa nusu siku na mteja akanuna. Fundi alirekebisha, tukapika, na kina mama wote walirudi nyumbani na ngozi zao.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Katika kikundi hiki mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Kila mwaka kuna wanaolalamika kwamba kiwango ni kidogo. Tunawajibu kwa sufuria hii. Hisa ndizo mafiga, mkopo ndio chungu. Anayetaka chungu kikubwa hatumzuii, tunamwambia atanue mafiga kwanza. Tumeona vikundi vingine vikitwika mikopo mikubwa juu ya hisa ndogo, na vilipoinama waliomwagikiwa ni wale wanyonge waliosimama karibu.

Sasa tuna wanachama 28. Desemba iliyopita hatukukataa oda hata moja kwa ajili ya udogo wa sufuria.

Tuna ombi moja tu. Hatuombi sufuria wala jiko, hivyo tumejinunulia. Tunaomba utusaidie kuwafikia wenzetu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waje watufundishe, sisi pamoja na vikundi jirani, namna ya kuzima moto wa gesi na kumhudumia aliyeungua kabla hajafika hospitali. Namba yao ya dharura, 114, tumeiandika ukutani, lakini huku juu barabara ya mvua mnaijua. Mpaka gari lifike, mikono ya kwanza ni yetu wenyewe.

Tunawashukuru waume zetu waliotuvumilia zile alfajiri za saa kumi, fundi wetu, majirani walioazima mizani na sufuria, na ninyi nyote mliotuunga mkono kwa miaka kumi. Baada ya hapa karibuni bandani mwone stendi kwa macho yenu. Mnaotaka vipimo, katibu anavyo, mtapewa bure. Kisha karibuni mezani. Mbege ipo, chai ipo, na makande yapo.